Shabu haifanyi kazi kwenye kostiki: kusafisha maji yaliyobaki baada ya kutia nguo rangi

Mtengeneza batiki akiambiwa asimwage maji ya rangi mtaroni, jambo la kwanza analojaribu ni shabu. Anaitwanga, anaitia kwenye ndoo ya maji ya bluu, anakoroga, anasubiri mpaka jioni. Hakuna kinachotuama. Anaongeza nyingine, maji yanabaki vilevile, na ndoo inaishia kumwagwa palepale ilipokuwa ikimwagwa siku zote.

Shabu haina kosa. Maji yale yamejaa kostiki soda na pH yake (kipimo cha utindikali: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni kostiki) ni 12 au 13. Shabu hukusanya uchafu pale tu alumini yake inapogeuka kuwa madonge meupe mepesi, na hilo hutokea pH ikiwa kati ya 6 na 7.5 hivi. Ikipita 9, alumini huyeyuka upya na kupotelea majini. Gramu moja ya shabu (salfeti ya alumini) hula karibu gramu 0.4 ya kostiki, kwa hiyo ndoo yenye gramu 100 za kostiki itameza gramu 250 za shabu kabla maji hayajafika kwenye pH ambayo shabu hufanya kazi. Hizo ni fedha za kununulia dawa ya kupunguza kostiki, na kwa kazi hiyo ipo dawa rahisi zaidi.

Ninayoyaandika hapa yanahusu karakana ndogo: batiki, vikoi, nyuzi za kusuka, fulana za kufunga na kuchovya. Kiwanda cha kanga au vitenge nitakigusa mwishoni, kwa kuwa kemia ni ile ile ingawa matangi yanatofautiana. Karakana nayo si jambo dogo. Macho huona rangi kwenye maji hata ikiwa miligramu 1 kwa lita, maana yake gramu moja iliyotoroka inatosha kubadilisha sura ya lita 1,000.

Kwanza ijue rangi yako

Kosa kubwa kuliko yote ni kutafuta dawa moja ya "maji ya rangi". Hakuna maji ya rangi kwa ujumla. Kuna familia za rangi, na kinachoponya moja hushindwa na nyingine.

Rangi za vati, ambazo mafundi wengi wa batiki huzijua kwa jina la indanthren, haziyeyuki majini zenyewe. Ndiyo maana unatia kostiki na haidrosalfaiti (haidro): haidro huiondolea rangi oksijeni, rangi inabadilika sura na kuyeyuka, inaingia kwenye uzi, kisha hewa inairudisha ilivyokuwa na inanasa humo. Sehemu kubwa, mara nyingi asilimia 80 hadi 95, hubaki kwenye kitambaa. Iliyobaki kwenye beseni ina tabia ileile: ukiipa hewa inageuka kuwa chembe. Huo ndio mlango wa kuingilia.

Rangi za riaktivu ni kinyume chake. Zilianza kuuzwa mwaka 1956 chini ya jina la Procion, na uzuri wake ni kwamba zinashikana na pamba kwa kifungo cha kemia. Lakini zinapenda maji kupita kiasi. Sehemu inayoshindwa kushika, ambayo yaweza kuwa asilimia 20 hadi 40, huungana na maji yenyewe na haitakaa ishike kitambaa tena. Haitaki kutuama wala haijali hewa, na huja na mzigo wa chumvi wa gramu 50 hadi 80 kwa kila lita, pamoja na magadi.

Rangi za salfa, zile nyeusi za bei nafuu, zina hatari yake. Maji yake yakikutana na tindikali hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza ambayo ikizidi hulewesha pua usiinuse tena, kisha huua. Kama huna uhakika kwamba nyeusi yako si ya salfa, usitie tindikali kabisa. Peleka hewa kwa siku mbili au tatu, kisha tumia feri salfeti na chokaa kama nitakavyoeleza kwa riaktivu.

Kwa hiyo weka mapipa tofauti na uyaandike kwa herufi kubwa: VATI, RIAKTIVU, SALFA, NTA. Ukichanganya, umejitengenezea maji ambayo hayana dawa ya gharama nafuu.

Punguza maji kabla ya kufikiria kuyasafisha

Tuseme kitambaa kilichokamuliwa bado kinashika lita 2 za maji ya rangi. Ukikisuuza mara moja kwa lita 30, ndani yake inabaki sehemu moja ya kumi na sita ya uchafu. Lita hizohizo 30 ukizigawa mara tatu, kumi kumi, inabaki sehemu moja ya 216. Maji ni yale yale, nguo ni safi zaidi ya mara kumi.

Faida ya pili ndiyo inayotuhusu hapa. Suuzo la kwanza la lita 10 linabeba zaidi ya asilimia 80 ya kila kinachoweza kutoka. Maji hayo, pamoja na yale ya beseni la rangi, ndiyo yanayostahili pipa na dawa. Suuzo la tatu ni karibu safi: liweke, liwe suuzo la kwanza la kitambaa kinachofuata cha rangi hiyohiyo. Karakana iliyokuwa ikimwaga lita 300 kwa siku yaweza kubaki na chini ya 100 za kushughulikia, bila kununua kitu zaidi ya ndoo mbili.

Maji ya kuchemshia nta nayo yasimwagwe yakiwa moto. Acha yapoe usiku kucha. Nta inaelea na kuganda kama kifuniko, unaiinua kwa mikono. Iyeyushe tena kwa moto mdogo mpaka iache kutoa mapovu, kwani maji yaliyojificha ndani ndiyo yanayofanya nta irukeruke na kuunguza watu. Kama ulichemshia na magadi na nta yako ina nta ya nyuki, sehemu yake imegeuka sabuni na haitaelea vizuri. Utaona maji meupe kama tui. Tone la tindikali iliyochujushwa, mpaka pH ishuke kwenye 6, huivunja sabuni hiyo na nta inapanda juu.

Maji ya vati: hewa kwanza, tindikali baadaye

Mpangilio huu haupinduliwi. Haidro ikikutana na tindikali hutoa salfa dioksidi, gesi inayokaba koo, na mwenye pumu yaweza kumlaza hospitali. Kwa hiyo kabla ya tindikali yoyote, haidro iishe, na kinachoimaliza ni hewa.

Haidro ikibaki ni hatari kwa mto pia, kuliko hata rangi yenyewe. Gramu 100 za haidro zikimalizana na hewa zinahitaji takriban gramu 27 za oksijeni. Maji ya mto kwenye joto la nyuzi 25 yanabeba karibu miligramu 8 tu kwa lita. Piga hesabu: gramu 100, kiasi kinachoenea kwenye kikombe, zinafyonza oksijeni yote ya zaidi ya lita 3,000. Samaki hafi kwa sababu ya bluu. Anakosa pumzi.

Mimina maji kwenye chombo kipana, beseni au nusu pipa, yasizidi kina cha sentimita 30. Koroga kwa mwiko mrefu kila unapopita, au yachote na kuyamwaga kutoka juu, au weka pampu ndogo ya hewa kama ile ya matangi ya samaki wa mapambo. Kwa mkono, panga kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya pili. Utaona rangi ya maji ikibadilika: manjano ya kijani kuwa bluu, kahawia iliyofifia kuwa kahawia nzito, na ule utando unaometameta juu unaacha kujirudia.

Ili kujua kama haidro imekwisha kweli, jaza chupa ya plastiki ya maji hayo mpaka mdomoni, hewa isibaki, ifunge na uiweke kwenye beseni la maji ya moto nusu saa. Rangi ikirudi nyuma, bluu ikaanza tena kuwa manjano, haidro bado ipo. Ikikaa palepale, endelea.

Hewa inakufanyia kazi nyingine usiyoilipia. Haidro inapoungua kwa oksijeni hutoa tindikali yake yenyewe, na gramu 100 hula karibu gramu 46 za kostiki. Ndiyo sababu usipige hesabu ya tindikali kwa kostiki uliyoitia mwanzoni. Ukitia gramu 100 za kostiki na gramu 100 za haidro, baada ya hewa imebaki kama gramu 54 za kostiki. Kuimaliza yote kwa asidi ya betri, ambayo lita yake ina karibu gramu 460 za tindikali ya salfuri, kunahitaji kama mililita 145. Anza na 100 tu. Pima. Endelea kwa vijisehemu vya mililita 10.

Dukani omba *asidi* ya betri. "Maji ya betri" mara nyingi ni maji yaliyotoneshwa ya kujazia, hayatafanya lolote. Mililita hizo 100 zimimine polepole ndani ya nusu lita ya maji baridi kwanza, kamwe usimimine maji ndani ya asidi, kisha mchanganyiko huo uutie kwenye pipa huku unakoroga. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, ukiwa na glavu za mpira na miwani. Lengo ni pH kati ya 7.5 na 8, kwani shabu nayo ni tindikali na itashusha iliyobaki. Usiteremke chini ya 6 hata siku moja, maana mabaki ya haidro huanza kutoa gesi kadiri pH inavyozidi kushuka.

Karatasi za kupimia pH zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Nunua zile zenye vipande vinne vya rangi, zinazopima 0 hadi 14. Ukanda wa rangi moja hudanganywa kirahisi na maji yenye rangi: bluu ya indanthren ukaisoma kama pH 10. Chovya sekunde moja, suuza kidogo kwa maji safi, kisha soma.

Sasa acha maji yatuame usiku mmoja. Sehemu ya chembe itashuka yenyewe, lakini si yote. Unga wa rangi ya vati unauzwa ukiwa umechanganywa na viambato vya kuzuia chembe zisishikane, ili ukoroge kirahisi. Viambato hivyo bado vimo majini na bado vinafanya kazi yake. Hapo ndipo shabu inapopata zamu.

Jaribio la chupa

Usitie shabu kwenye pipa zima kabla ya kujaribu kwenye chupa. Yeyusha gramu 10 za shabu iliyosagwa kwenye lita 1 ya maji safi. Kila mililita 10 za mchanganyiko huo zina miligramu 100. Chukua chupa sita angavu za lita moja na nusu, kila moja tia lita 1 ya maji uliyokwisha kurekebisha pH, kisha kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa tia mililita 10, 20, 30, 40, 60 na 80. Hizo ni miligramu 100 hadi 800 kwa lita.

Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja. Kisha zungusha taratibu, kama unavyomtuliza mtoto, dakika 10 hadi 15. Sehemu hii ndiyo wengi wanaiharibu: wanaendelea kutikisa kwa nguvu na kuyavunja madonge yaliyokwisha kushikana, na donge lililovunjika halijiungi vizuri tena. Acha nusu saa. Weka karatasi nyeupe nyuma ya chupa na uzilinganishe.

Unatafuta kipimo *kidogo* kuliko vyote kinachotoa maji angavu. Tuseme ni 400. Pipa la lita 200 litahitaji gramu 80. Kama chupa ya 400 ni angavu na ya 800 imechafuka upya, usishangae. Chembe za rangi zina chaji hasi na zinasukumana; shabu inazituliza kwa chaji chanya; ikizidi, zote zinakuwa chanya na zinaanza kusukumana upya. Kuongeza dawa hapo ni kuharibu kazi.

Pima pia pH ya chupa iliyoshinda. Ikiwa chini ya 6, maji yanayoonekana angavu yana alumini iliyoyeyuka, na itaganda baadaye huko yaendako. Ongeza chokaa kidogo na ujaribu upya. Kama madonge yanaelea badala ya kuzama, kuna nta au sabuni, maana yake pipa la NTA limevujia hapa. Kama madonge ni mazuri lakini hayashuki, huenda tatizo ni joto: maji yaliyopigwa na jua yanazunguka ndani ya pipa siku nzima. Tibu jioni.

Mbegu za mlonge hufanya kazi hii pia, maana protini zake zina chaji chanya. Kwa maji ya vati zinasaidia. Udhaifu wake ni kwamba unaongeza kitu cha kuoza ndani ya maji, na baada ya siku mbili yananuka. Naona afadhali shabu, isipokuwa pale ambapo haipatikani.

Riaktivu, ambako shabu inakwama

Fanya jaribio lilelile la chupa kwa maji ya riaktivu na utaona madonge meupe safi yakizama ndani ya maji mekundu yasiyobadilika. Rangi imeyeyuka kabisa. Hakuna chembe ya kushikwa.

Njia ya kwanza ni feri salfeti, zile chenga za kijani zinazouzwa pia kwa ajili ya mimea yenye upungufu wa chuma, pamoja na chokaa. Tia feri kwanza, jaribu miligramu 300 hadi 1,000 kwa lita, kisha maziwa ya chokaa mpaka pH ifike 9 hadi 9.5. Madonge ya kijani kibichi yanatokea na kugeuka kahawia hewani, na huteka rangi nyingi. Maji yakitoka yakiwa meupe na kesho yake yamekuwa ya njano, chokaa haikutosha: chuma kilibaki kimeyeyuka kikaja kupata kutu baadaye. Ubaya wa njia hii ni tope jingi.

Njia ya pili ni ya watu wa pwani, na inastahili kutumika zaidi ya inavyotumika. Mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, Kilwa au Lindi hubakiza maji mazito machungu baada ya chumvi kuvunwa, ambayo kwa kawaida humwagwa. Maji hayo yamejaa magnesiamu. Ukiyatia kwenye maji ya riaktivu na kupandisha pH hadi 11 kwa chokaa, magnesiamu inaganda na kuibeba rangi kwa namna ambayo shabu haiwezi. Anza na mililita 5, 10, 20 na 40 kwa lita kwenye chupa zako. Kama huyapati, maji ya bahari yenyewe yana karibu gramu 1.3 ya magnesiamu kwa lita, kwa hiyo itabidi uyatumie kwa wingi, robo ya ujazo au zaidi. pH ikiwa chini ya 10.5 hutapata kitu. Hilo ndilo kosa la kawaida. Ukimaliza, chota maji ya juu *kwanza*, ndipo uyashushie pH kwa tindikali. Ukitia tindikali kabla ya kuyatenga na tope, magnesiamu inayeyuka na rangi yote inarudi mbele ya macho yako.

Chumvi lakini inabaki. Hakuna shabu, chokaa, mkaa wala matete yanayoondoa chumvi. Beseni la lita 10 lenye gramu 60 kwa lita lina zaidi ya nusu kilo ya chumvi, na baada ya kuondoa rangi bado nusu kilo ipo. Maji hayo yakipelekwa kwenye mchicha, sodiamu inaubana udongo wa mfinyanzi, juu panapasuka kama chungu na maji hayapenyi tena. Kwa nchi kama yetu, ambako mabonde ya mijini kama Msimbazi la Dar es Salaam yanalima mboga zinazoliwa mjini humohumo, jambo hili linaniumiza kuliko rangi inayoonekana. Dawa ni kutumia chumvi kidogo toka mwanzo. Kitambaa kikipitishwa kwenye rangi na magadi, kikakamuliwa, kikakunjwa ndani ya plastiki na kulala saa 12 hadi 24, rangi inashika bila chumvi. Maji yaliyosafishwa ya riaktivu, ambayo bado yana chumvi, yaweza kurudi kwenye beseni jingine la riaktivu la rangi nzito. Pima kwanza kwenye kitambaa kidogo.

Maji meupe si lazima yawe maji safi

Kuna "ujanja" wa kutia Jik kwenye maji ya rangi. Rangi inapotea kwa dakika chache na kila mtu anafurahi. Klorini imevunja molekuli ya rangi vipande vipande, na vipande hivyo vikiwa na klorini mwilini mwake vyaweza kuwa sumu ya kudumu kuliko rangi ilivyokuwa. Jik ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini; ikikutana na haidro iliyobaki, zinapambana na kutoa joto. Acha kabisa.

Ujanja wa pili ni haidro yenyewe: kijiko kimoja na rangi nyingi za riaktivu hufifia, kwa kuwa nyingi ni za azo, yaani zenye kifungo cha nitrojeni mbili, na kifungo cha azo hukatika kinaponyimwa oksijeni. Kinachobaki ni amini zisizo na rangi. Baadhi yake husababisha saratani, ndiyo maana Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ulipiga marufuku kwenye nguo zile rangi za azo zinazoweza kuachia amini 22 zilizotajwa. Jambo hilohilo hutokea ndani ya shimo la choo: bakteria wasiopumua oksijeni wanakata azo, maji yanaonekana meupe, amini zinapenya ardhini kuelekea kisima cha jirani. Salfeti iliyotokana na haidro nayo humo shimoni hugeuzwa kuwa gesi ya mayai viza, inayokula zege.

Bakteria wanaweza kufanya kazi nzuri iwapo hatua ni mbili: bila hewa kwanza, kukata azo, kisha hewa tele, kula amini. Mabwawa ya matete, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyafanyia utafiti wa miaka mingi, yanafaa kama hatua ya pili. Yapewe maji yenye pH ya kawaida, yasiyo na haidro na yenye chumvi kidogo, vinginevyo matete yanaungua ncha na kufa.

Mchanga, mkaa, tope

Maji ya juu yatoke kwenye bomba lililowekwa sentimita 15 kutoka chini ya pipa, yapite kwenye mchanga, kisha kwenye mkaa. Bomba la plastiki la inchi 6 lenye mkaa wa vifuu uliopondwa wa ukubwa wa punje ya mchele, kina cha mita 1, lina karibu lita 18 za mkaa. Ili maji yakae humo nusu saa, yasipite zaidi ya lita 35 kwa saa. Osha mkaa mpaka vumbi liishe kabla ya kuujaza. Mkaa wa kawaida hauna vinyweleo vingi kama ule ulioamilishwa kiwandani, unajaa upesi. Uweke mwisho, kwa kufuta rangi kidogo iliyobaki. Anayeuweka mwanzo atabadilisha kila wiki na kulalamika kwamba haufai.

Kiwanda kina wajibu ulioandikwa. Viwango vya Tanzania kwa maji yanayoingia mtoni ni BOD (oksijeni wanayohitaji bakteria kula uchafu) isiyozidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni ya kuuunguza uchafu kwa kemikali) 60, chembe 100, pH kati ya 6.5 na 8.5, na rangi vizio 300 vya TCU, kipimo cha rangi ya maji. Kipimo hicho kilitungwa kwa maji ya manjano ya asili. Nyekundu na bluu hakizipimi kwa haki. Ujerumani hupima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 436, 525 na 620, kikomo kikiwa 7, 5 na 3 kwa mita, na naona kipimo hicho kingewafaa wakaguzi wetu. Mzigo mkubwa wa BOD kiwandani hautoki kwenye rangi, unatoka kwenye wanga unaooshwa kwenye nyuzi kabla ya rangi. Tangi la kusawazisha linalobeba maji ya saa 12 hadi 24 huyafanya ya tindikali na ya kostiki yamalizane yenyewe. Bakteria wanataka BOD, nitrojeni na fosforasi ziwe kwa uwiano wa 100:5:1. Maji ya nguo mara nyingi huwa na njaa ya virutubisho hivyo. Na chumvi? Huko Tirupur, India, Mahakama Kuu ya Madras iliamuru mwanzoni mwa 2011 mamia ya viwanda vya kutia rangi vifungwe kwa sababu ya mto Noyyal, na vilivyofunguliwa vilitakiwa visitoe tone: tando za kuchuja chumvi, kisha mitambo ya kuchemsha maji mpaka chumvi ibaki kavu. Ni ghali, lakini chumvi na maji vinarudi kutumika.

Tope, hatimaye. Kila ulichokitoa majini kimo humo. Jenga kitanda cha kokoto sentimita 20, juu yake mchanga sentimita 15, chini bomba linalorudisha maji kwenye pipa, juu bati angavu la plastiki la kuzuia mvua. Mwaga tope lisizidi sentimita 20. Kwa jua la kawaida linapasuka na kukauka ndani ya wiki mbili hivi. Si mbolea, wala lisichomwe: rangi za feruzi zina shaba, na baadhi ya nyeusi na bluu nzito zina kromiamu. Litie kwenye magunia yenye plastiki ndani, andika tarehe na familia ya rangi, yaweke chini ya paa juu ya sakafu ya saruji, mpaka yachukuliwe na mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira ya taifa. Karakana ya lita 100 kwa siku hupata gunia dogo kwa mwezi ikitumia vati, na mara kadhaa zaidi ikitumia feri na chokaa.